Kanisa jipya Mgeta: sheria, kiwanja na msiba

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, karibu na Mzumbe, na kuanza kupanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta. Kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Mashamba ya mahindi yanapungua, na badala yake unaona kabichi, viazi mviringo na njegere kwenye miteremko. Njiani utaona pia makanisa na vigango vya Katoliki. Ukanda huu wa Langali, Nyandira, Tchenzema, Bunduki na Kikeo umelelewa na misioni kwa zaidi ya miaka mia moja.

Lakini leo si Wakatoliki peke yao wanaoimba Jumapili asubuhi. Kuna watu wanaokutana sebuleni kwa jirani, chini ya turubai, au kwenye banda la mabati lisilo na sakafu. Ni Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste na wengine, na Wasabato wao hukutana Jumamosi. Baadhi yao walibatizwa wakiwa wachanga katika Kanisa Katoliki, na ndugu zao bado wako huko.

Makala haya yanaeleza jinsi kanisa jipya la Kiprotestanti linavyoanza mahali ambapo Wakatoliki ni wengi, sheria inataka nini, na ugomvi hutokea wapi. Yanamhusu anayetaka kuanzisha kanisa, mwenye ndugu aliyehama, na kiongozi wa kijiji anayeombwa kiwanja.

Kwa ufupi

- Katiba ya nchi inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, kutangaza dini yake na kubadili dini.
- Kanisa ambalo haliko chini ya dhehebu lililosajiliwa linatakiwa kusajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.
- Uluguruni ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Kiwanja kilichotolewa na mtu mmoja kinaweza kuleta kesi baadaye.
- Jambo linalompima zaidi mwamini mpya na kanisa lake ni msiba: nani atamzika, wapi, na kwa ibada ipi.

Kwa nini Mgeta ni ya Wakatoliki

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na kufungua misioni Bagamoyo mwaka 1868. Pale walipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakawafundisha dini, kilimo na ufundi. Kisha walianza kwenda bara. Mwaka 1877 walifungua misioni ya Mhonda katika milima ya Nguru, na baadaye wakafika Morogoro na Uluguru. Mgeta ilipata misioni yake enzi za Wajerumani.

Misioni haikuwa kanisa tu. Ilikuwa na shule, zahanati na ufundi. Kwa miaka mingi mtoto aliyetaka kusoma alipitia kwa padri, na njia ya shule ilikuwa pia njia ya ubatizo. Hali hiyo ilibadilika baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilipozichukua shule nyingi za madhehebu. Tangu hapo mtoto hakuhitaji kuwa Mkatoliki ili asome shule ya kijiji. Lakini vizazi viwili au vitatu vilikuwa vimekwisha kubatizwa, na dini ilikuwa imekuwa mali ya familia.

Mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo Katoliki. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ndizo jumuiya tunazozijua hadi leo: kaya kadhaa za jirani zinazosali pamoja nyumbani kwa zamu, zinazotembelea wagonjwa na kuchangia misiba. Mtu anayetoka katika Kanisa Katoliki anatoka pia katika jumuiya hiyo, na wengi hawalifikirii jambo hilo mapema.

Watu huuliza Wakatoliki wa Mgeta ni asilimia ngapi. Sensa za Tanzania hazijauliza dini ya mtu tangu mwaka 1967, kwa hiyo takwimu ya sensa haipo. Uwingi wao unaonekana kwa parokia, vigango na majina ya ubatizo katika kila ukoo.

Waprotestanti ni akina nani

Neno hili linabeba makanisa mengi yasiyofanana. Mwanzo wake ni Ujerumani, mwaka 1517, padri na mwalimu wa chuo Martin Luther alipopinga uuzaji wa rehema. Jina "Waprotestanti" lilitokana na watawala waliopeleka malalamiko yao kwenye mkutano wa Speyer mwaka 1529.

Kwetu Tanzania, makanisa hayo yaweza kugawanywa katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni makanisa ya misioni za zamani: Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wengine. Misioni ya Kilutheri ya Berlin ilianzia Dar es Salaam na Uzaramo mwishoni mwa karne ya 19 na kuelekea Uluguru. Waanglikana wa Church Missionary Society walijikita Mpwapwa na nchi ya Wakaguru. Ndiyo sababu Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1965, ina mizizi yake upande wa Berega na Mamboya kuliko Uluguru. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo tunaliita KKKT.

Kundi la pili ni makanisa ya Kipentekoste na ya uamsho. Yanasisitiza kuokoka, ubatizo wa maji mengi, maombi ya uponyaji na kunena kwa lugha. Haya ndiyo watu wa vijijini huyaita "ya walokole". Neno hilo lina asili ya Uganda, na lilienea na uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Ajabu ni kwamba uamsho ule ulianzia ndani ya Kanisa Anglikana. Hata leo wapo walokole Walutheri na Waanglikana, na Wakatoliki nao wana Karismatiki wao wanaosali kwa namna inayokaribiana na hiyo bila kuhama kanisa.

Kwa hiyo mtu akisema "Waprotestanti wamekuja kijijini", swali la kwanza liwe: ni wapi hao? Jibu litabadilisha mambo mengi, kuanzia ubatizo hadi usajili.

Kanisa linaanzaje

Wahubiri wa Kiprotestanti husema "kupanda kanisa". Mkulima wa Mgeta anaielewa lugha hiyo haraka: miche ya kabichi haiendi shambani siku ya kwanza, inakaa kitaluni.

Kitalu cha kanisa kwa kawaida ni nyumba ya mtu. Mara nyingi ni mwenyeji aliyekwenda Morogoro, Dar es Salaam au kwingine kwa kazi au biashara ya mboga, akaokoka huko, akarudi. Wakati mwingine ni mtumishi aliyehamishiwa huku, mwalimu au muuguzi, aliyekuwa Mlutheri au Mwanglikana kwao na hana pa kusali. Familia mbili tatu zinaanza kukutana jioni. Dhehebu linasikia, linatuma mwinjilisti. Baadaye unakuja mkutano wa injili, na mwisho banda.

Nafasi ya kanisa jipya hutokana pia na jiografia. Parokia moja ya milimani ina vigango vingi, na padri hawezi kuwa kila mahali. Katika vigango vya mbali misa haifanyiki kila Jumapili. Siku nyingine katekista ndiye anayeongoza ibada. Mwinjilisti wa Kipentekoste huishi kijijini hapohapo, hulima kama wengine, na mgonjwa akiita usiku anafika kwa miguu. Wakatoliki wenyewe wanalijua pengo hili, na ndiyo maana makatekista na jumuiya wana kazi kubwa sana huku.

Hali hii si ya Uluguru peke yake. Brazil ndiyo nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko zote duniani. Mwaka 1910 Waswidi wawili, Daniel Berg na Gunnar Vingren, walifika mji wa Belém wakiwa na fedha kidogo, na mwaka uliofuata wakaanzisha kanisa la Kipentekoste. Sensa ya Brazil ya mwaka 2022 ilionyesha Wakatoliki wakiwa asilimia 56.7 na Waprotestanti wa kiinjili, Wapentekoste wakiwemo, asilimia 26.9. Sehemu kubwa ya kukua huko ilitoka kwa wahubiri wenyeji waliofungua makanisa madogo pembezoni mwa miji, ambako mapadri walikuwa wachache.

Sheria inasema nini

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Inasema pia kwamba kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kuamua dhehebu gani ni la kweli. Hawezi kumzuia mtu kusali kwa sababu tu kijiji kizima ni cha dhehebu jingine. Vilevile mhubiri hawezi kumlazimisha mtu kusikiliza.

Uhuru huo una mipaka ya sheria. Haya ndiyo mambo ya kuzingatia:

*Usajili.* Dhehebu husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Waombaji huandaa katiba ya kanisa, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, majina na maelezo ya viongozi, na barua za utambulisho. Kwa watu wa Mgeta barua hizo ni safari: makao makuu ya Wilaya ya Mvomero yako upande wa pili, na njia ya kawaida ni kushuka kwanza hadi Morogoro. Ukifungua tawi la kanisa ambalo tayari limesajiliwa, huhitaji kusajili dhehebu upya. Lakini beba nakala ya cheti cha usajili na barua ya dhehebu inayokutambulisha kwa kata na kijiji.

*Wadhamini.* Ili kanisa limiliki mali kwa jina lake, linahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA. Makanisa makubwa yanao tayari.

*Ndoa.* Si kila mchungaji anaweza kufungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kiongozi wa dini awe na leseni, na inataka kusudio la ndoa litangazwe siku 21 kabla. Kabla ya kupanga harusi, muulize mchungaji wako kuhusu leseni. Hiyo si dharau.

*Mikutano na sauti.* Mkutano wa hadhara hutolewa taarifa mapema polisi na kwa uongozi wa kijiji. Spika zinazopigwa usiku kucha zinaweza kuleta malalamiko, kwa kuwa kelele zina viwango vyake vinavyosimamiwa na NEMC. Bondeni sauti husafiri mbali kuliko unavyodhani.

Kwa nini Serikali inauliza maswali mengi siku hizi? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kundi la kidini lililodaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa. Rwanda ilifunga maelfu ya makanisa mwaka 2018 kwa sababu za usalama wa majengo na usafi, kisha ikatunga sheria inayotaka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya dini. Tanzania ina utaratibu wake, lakini hofu ya watu vijijini ni ileile. Kanisa lenye karatasi zake na viongozi wanaojulikana linaiondoa hofu hiyo mapema.

Kiwanja ni cha nani

Hapa ndipo wahubiri wengi kutoka nje hukosea, kwa sababu wanadhani aliyewapa kiwanja ndiye mwenye kiwanja.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu ya ardhi ya ukoo ni wazee wa upande huo, wajomba wakiwemo. Baba anaweza kumpa mwanawe sehemu ya kulima, lakini kimila shamba hilo halitoki katika ukoo wa baba. Na mwanamume aliyeoa na kujenga kwao mke analima ardhi ya ukoo wa mke.

Tuchukue mfano. Mwanamume amejenga kwenye shamba la ukoo wa mkewe. Anaokoka, anafurahi, anampa mwinjilisti robo eka mbele ya nyumba. Waumini wanachanga, wanajenga, wanaezeka. Miaka mitano baadaye mwenye nyumba anafariki. Wajomba wa watoto wanakuja na kuuliza: "Shemeji alitoa ardhi ya nani?" Kanisa halina karatasi. Mchungaji anasema anateswa kwa ajili ya imani. Wajomba wanasema wameibiwa. Kumbe suala lenyewe ni la ardhi, na lingekuwa lilelile kama mle ndani pangekuwa na duka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kwamba halmashauri haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pia inatambua haki ya kimila na kuruhusu hatimiliki ya kimila. Kwa hiyo njia salama ni hii:

1. Uliza kwanza kiwanja ni cha ukoo gani, kisha kutana na wazee wa ukoo huo, wanawake wakiwemo.
2. Mke na mume wote wakubali, na watoto wakubwa wajue.
3. Pima mipaka mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji.
4. Andikeni makubaliano: ni zawadi, ni kuuziana, au ni kuazima? Kama ni kuazima, ni hadi lini?
5. Peleka suala halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, lionekane kwenye muhtasari.
6. Hati iwe kwa jina la wadhamini wa kanisa. Isiwe kwa jina la mchungaji, maana mchungaji anaweza kuhama dhehebu na kudai jengo ni lake.

Ugomvi ukitokea, huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Usiposuluhishwa huko na kwenye kata, unaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Waluguru wana kumbukumbu ya mambo ya ardhi yaliyoletwa bila kusikilizana. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa Matombo, upande wa mashariki wa milima, waligoma, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukavunjika. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Kilichowakera watu ni kulazimishwa.

Mambo yanayogusa familia

*Ubatizo.* Kanisa Katoliki huutambua ubatizo wa Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani, kwa kuwa ni wa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Makanisa hayo nayo hayambatizi upya Mkatoliki. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato hubatiza mtu mwenye umri wa kuamini, kwa kumzamisha majini, na wengi wao hawauhesabu ubatizo wa utotoni. Kwa mama Mkatoliki, kumwona mwanawe akibatizwa tena mtoni ni kama kuambiwa kwamba alichomfanyia mwanawe akiwa mchanga hakikuwa kitu. Kwa mwana, ni utii kwa anachokiamini. Ni vizuri mama aambiwe mapema na mwanawe mwenyewe, asije akasikia sokoni.

*Ndoa za mchanganyiko.* Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na Mprotestanti aliyebatizwa kwa ruhusa ya Kanisa. Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana taratibu zao. Zungumzeni habari ya watoto kabla ya mahari.

*Mila za ukoo.* Matambiko, kumcheza mwali na pombe ya kienyeji kwenye shughuli ni mambo ambayo mlokole kwa kawaida hukataa kabisa. Ndugu huona amejitenga. Wako wanaopata njia ya kati: mtu anahudhuria shughuli, anachangia unga, kuni au togwa, na anaondoka wakati wa tambiko. Asiyefika kabisa husahaulika, na siku yake ikifika watu hawatajua namna ya kumwendea.

*Msiba.* Mtu akifa Mgeta, wanaokuja ni ukoo, majirani, jumuiya na kwaya. Aliyehama kanisa hana tena jumuiya ya zamani, na kanisa lake jipya huenda lina watu kumi na tano. Hapo maswali yanakuja yote kwa wakati mmoja. Atazikwa makaburi ya ukoo au wapi? Nani ataongoza ibada? Ndugu Wakatoliki watasali rozari usiku wa matanga wakati mjane hataki? Nani atapika?

Ukitaka kujua kama kanisa jipya limeota mizizi, angalia siku hiyo. Kama waumini wake wanafika na maji, kuni na mchango, wanachimba kaburi na wengine, na mchungaji anazungumza na wazee wa ukoo kabla ya kupanga ratiba, kanisa hilo limekuwa la kijiji. Kama wanakuja kuchukua mwili na kuwahubiria wafiwa kwamba ndugu zao wamepotea, mlango umefungwa kwa miaka mingi.

Upande wa Wakatoliki pia una wajibu. Kumnyima mtu jembe la kuchimba kaburi la mzazi wake kwa sababu alihama kanisa hakutokani na mafundisho ya Kanisa Katoliki. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965, Kanisa hilo linawaita Wakristo wengine ndugu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo lililowatenga tangu enzi za Luther: mwanadamu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu. Na hapa nyumbani, Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) wana chombo cha pamoja cha huduma za jamii, CSSC, tangu mwaka 1992, kinachoshughulikia shule na hospitali za makanisa.

Maswali yanayoulizwa

*Je, kijiji kinaweza kukataa kutoa kiwanja kwa kanisa?* Kijiji kinaweza kukataa ombi la ardhi kwa sababu za ardhi, kwa mfano eneo ni la shule, la chanzo cha maji au lina mgogoro. Hakiwezi kuwakataza watu kusali kwa sababu ya imani yao.

*Tunakutana sebuleni, watu kumi tu. Tunavunja sheria?* Familia na majirani kusali pamoja nyumbani si kosa. Mkianza kujiita kanisa, kuwa na uongozi na kuchangisha fedha, jiungeni na dhehebu lililosajiliwa au ulizeni utaratibu wa usajili.

*Mume wangu amehama, mimi nimebaki Mkatoliki. Ndoa yetu imevunjika?* Hapana. Kubadili dhehebu hakuvunji ndoa, wala kisheria wala kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki.

*Mchungaji anasema tuuze shamba tutoe sadaka. Tufanyeje?* Sadaka ni hiari. Shamba la ukoo si la mtu mmoja kuliuza, na la familia halitoki bila ridhaa ya mwenzi. Kaeni kikao cha familia kwanza, na mkiona mnashinikizwa, mwoneni mtendaji wa kijiji.

*Nimeokoka, ndugu zangu wote ni Wakatoliki. Nataka nizikwe na kanisa langu.* Usiliache jambo hili hadi uugue. Waambie mke au mume, watoto na wajomba, wote wakiwepo. Liandike, nakala moja abaki nayo mchungaji na nyingine mtu wa ukoo unayemwamini. Kisha endelea kwenda kwenye misiba yao.